Hotuba ya Mwenyekiti: Karani Tumpateje?



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo atawasomea mweka hazina. Mimi nina neno moja tu, la karani wa mashine yetu ya kusaga. Huyo ndiye atakayeshika fedha na daftari kila siku, na ndiye mtu wetu wa kwanza kulipwa mshahara. Tumegawanyika: wengine wanataka tubandike tangazo, wengine wanataka tumchukue mtoto wa mwenzetu tunayemjua.

Hawa wa pili wana hoja. Sisi wenyewe tuliingia hivyo. Tulijipanga watano watano, kila mmoja na anayemwamini, maana nikishindwa kurejesha mkopo, wenzangu wanne ndio wanaolipa. Lakini jamani, karani hana wanne wa kumdhamini. Akipoteza fedha, tumepoteza wote. Na akiwa binti wa mwenzetu, nani atakwenda kumwambia mama yake?

Tangazo nalo lina kasoro. Likibandikwa ofisi ya kata, litasomwa na wanaopita ofisi ya kata. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hakijiuzi kwenye soko ambalo hakijui kama lipo. Yule mjane wa kitongoji cha mbali, yule kijana mlemavu aliyemaliza kidato cha nne, habari haiwafikii. Ndiyo maana hata Serikali haikuachia matangazo peke yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Nafasi itangazwe wazi, na wajumbe waipeleke kwa mdomo msikitini, kanisani, kisimani na kila kitongoji. Wote wafanye mtihani mmoja: kujumlisha daftari la siku moja mbele yetu. Mwenye ndugu kati ya waombaji atoke nje wakati wa kuchagua. Wawili wakilingana, tumchukue yule asiye na wa kumsemea.

Binti wa mwenzetu naye aje. Akishinda, atakaa pale kwa haki yake, wala hakuna wa kumnyooshea kidole.

Mkutano wa mwezi ujao tutapiga kura. Akina mama hoyee!