Vijidudu Vilivyolala: Robo ya Nani?

(Hotuba kwa wanachama juu ya ugonjwa wa kifua kikuu)



Leo hatutasema juu ya mishahara. Tutasema juu ya kifua, kwa maana asiye na kifua kizima hana mshahara.

Sote twamjua mgonjwa wa kifua kikuu: akohoa, akonda, atoka jasho usiku. Lakini wako wengine, wengi kuliko hao, ambao vijidudu vimewaingia mwilini vikalala. Hawakohoi, hawana homa, wala hawamwambukizi mtu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba karibu robo ya watu wote wa dunia wamepata kuambukizwa. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 huja wakaugua siku moja. Waliobaki huishi mpaka uzee bila kuugua. Mwenye virusi vya ukimwi, na yule ambaye mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe, hatari yao ni kubwa zaidi.

Mtauliza: kitu kilicholala kahesabiwaje? Vijidudu vyenyewe havionekani. Kinachopimwa ni alama vilivyoiacha mwilini. Njia ya zamani ni kudunga sindano ndogo katika ngozi ya mkono. Baada ya siku 2 au 3 mganga hutazama kama pamefanya uvimbe mgumu, akaupima kwa milimita. Njia nyingine ni kupima damu. Zote mbili zaweza kukosea. Kwa sindano ya ngozi, aliyechanjwa BCG huenda akavimba bila kuambukizwa, na aliyedhoofika kwa ukimwi huenda asivimbe ijapokuwa ameambukizwa. Kwa hiyo hesabu hizi ni makadirio.

Hapa Kenya watoto wa shule walipimwa kwa sindano hiyo, kama katika miaka ya 1994 hadi 1996. Kwa nini watoto? Kwa sababu mtoto wa miaka 10 ameambukizwa ndani ya miaka hiyo 10 tu. Tuseme kati ya watoto 100 wa umri huo 10 wana alama. Basi kila mwaka karibu mtoto 1 katika 100 huambukizwa. Na mtoto huambukizwa na mtu mzima anayekohoa bila dawa. Hivyo mkono wa mtoto watuonyesha ugonjwa uliofichika kwa wakubwa.

Lakini mtoto wa shule hafanyi kazi kwenye vumbi. Tuwatazame wenzetu wa machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba wachimbaji 89 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Linganisheni hiyo na robo! Sababu zajulikana: vumbi la mawe, hewa isiyobadilika chini ya ardhi, mabweni yenye msongamano, na ukimwi. Wengi walitoka Lesotho, Msumbiji na nchi nyingine, na waliougua walirudi na ugonjwa kwao.

Wachimbaji maelfu walipewa dawa ya kinga kwa miezi 9. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: walipokuwa wakimeza dawa ugonjwa ulipungua, walipoacha, kinga ikaisha upesi. Dawa peke yake haikutosha. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliyakubali mapatano ya karibu randi bilioni 5 kwa wachimbaji walioharibiwa mapafu na kwa jamaa za waliokufa. Fedha hizo hazikumrudishia mtu pumzi.

Ndugu, hesabu moja ya watu wote huwaficha wengi. Mtu akituambia "robo," tumwulize: robo ya nani? Wavunja kokoto? Watu wa viwandani? Wanaolala wanane chumba kimoja? Kundi lisilohesabiwa halitengewi dawa wala dirisha.

Kwa hiyo twasema haya:

1. Wafanya kazi wa mahali penye vumbi na msongamano wapimwe na kuhesabiwa peke yao, na jina la mtu liwe siri yake na mganga.

2. Mwenye alama mkononi si mgonjwa kwa hiyo alama. Asifukuzwe kazi, wala sisi wenyewe tusimkimbie. Aangaliwe kama hana ugonjwa, apewe dawa ya kinga ikiwa mganga aona yafaa.

3. Mwajiri aweke madirisha, anyunyize maji kwenye vumbi, na kupunguza watu katika vyumba vya kulala.

4. Anayekohoa asingoje kukonda. Aende akapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi.

Viongozi wa matawi, tembeeni mahali pa kazi. Hesabuni madirisha, na watu wanaolala kila chumba, mtuletee hesabu hiyo mkutano ujao. Tukienda kwa mwajiri, twende nayo mkononi.