Baada ya Upasuaji wa Mfupa

Mfupa wa paja uliovunjika na kutiwa chuma huchukua kwa kawaida miezi 3 hadi 6 kuunga. Siku za mwanzo maumivu na uvimbe ni jambo la kawaida. Dawa hunywewa kwa saa zake, na mguu huinuliwa juu ya mto. Lakini kulala tu kitandani ni hatari: damu huganda miguuni, misuli husinyaa, goti hukakamaa. Ndiyo maana mgonjwa huanza mapema kuchezesha kifundo na kukaza misuli ya paja, kisha husimama kwa magongo, akiukanyagia mguu kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, mara nyingi katika kituo cha afya cha karibu. Kwa mkimbizi wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, ugumu wenyewe ni kurudi kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Njia ni ndefu, bodaboda humtikisa aliyeshonwa juzi, na nauli ikikosekana, picha ya eksirei haipigwi. Nauli hiyo yafaa itengwe kabla mgonjwa hajatoka wodini, kwa sababu maumivu kuisha si ushahidi kwamba mfupa umeunga.

Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au shavu la mguu likivimba na kuuma, tarehe ya kliniki haingojwi. Kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Ama chuma chenyewe, mfupa ukishaunga, mara nyingi huachwa mwilini.