Taa ya Injini Ikiwaka Baada ya Sevisi

Msikilizaji, gari limetoka sevisi, filta ya hewa ni mpya, oili imebadilishwa, na kesho yake taa ya injini inawaka. Mashine ya kupimia inatoa kodi P0171. Hapo wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, na hapo ndipo pesa hupotea bure. Kodi hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi petroli, na sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Swali la kwanza basi ni hili: fundi aligusa wapi? Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua boneti, shika bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la filta. Klipu ikiwa imelegea, hewa hupenya baada ya sensa inayoipima, kompyuta haiihesabu, na petroli inayomwagwa haitoshi. Kagua pia kifuniko cha oili na kijiti chake.

Wapo watakaosema huenda ni sadfa, kifaa kilikuwa kibovu tangu zamani. Inawezekana kabisa, lakini kukaza klipu hakugharimu kitu, kwa hiyo anzia hapo. Wengine hutaka kodi ifutwe tu. Kuifuta hufuta pia kumbukumbu ya hali ya injini hitilafu ilipotokea, nayo ni ushahidi ambao fundi anauhitaji, kwa hiyo iandike kwanza. Ila taa ikiwaka na kuzimika mfululizo, usingoje uchunguzi: mara nyingi silinda inashindwa kuchoma petroli, nayo huingia mbichi kwenye ekzosi na kuunguza katalisti. Punguza mwendo, simama mahali salama.