Nani Amlipe Mkaguzi? Maneno ya Katibu juu ya Nyumba Yetu ya Kariakoo

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano wa Wanachama, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza safari yetu ya miaka kumi, wala sina haja ya kuirudia. Mimi nimetakiwa niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni nyumba tunayokusudia kuijenga Kariakoo.

Sababu ya nyumba hiyo twaijua sote. Mwanachama wetu afikapo Dar es Salaam usiku na mzigo wake, hulala juu ya magunia, au hulipa chumba kwa bei inayokula faida ya safari nzima. Ndiyo maana tuliazimia kujenga nyumba ya ghorofa nne: chini ghala na ofisi, juu vyumba vya kulala wanachama na makazi ya watumishi wetu. Kiwanja tunacho. Fedha tunazo kiasi, nazo zimetokana na makato ya mazao yenu. Hakuna shilingi humo isiyotoka katika gunia la mtu aliyeketi hapa.

Sasa, mkandarasi mmoja ametuletea barua. Bei yake si mbaya. Katika barua hiyo aandika ya kwamba tusijisumbue na habari za ukaguzi, kwani yeye anaye mhandisi wake, ambaye atakagua kazi katika kila hatua na kututolea vyeti. Wengi wetu tulipoisoma tulifurahi, tukaona mzigo umetuliwa. Mimi nimesimama hapa kuwaomba mlikatae neno hilo moja. Mkandarasi mwaweza kumkubali. Mkaguzi wake msimkubali.

Ndugu zangu, Kariakoo ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Jina lenyewe latokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza, waliokaa pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka mingi baadaye mitaa yake ilikuwa na nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Nyumba ile ilijengwa na fundi anayejulikana mtaani. Ikiwa na ufa, ufa ulionekana, na hata ukuta ukianguka ulianguka peke yake. Lakini tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa yaliyobanana ukuta kwa ukuta. Katika ghorofa, mzigo wote huchukuliwa na nguzo, na nguvu ya nguzo imo katika nondo na zege ambavyo jicho haliwezi kuviona kazi ikiisha.

Matokeo twayafahamu. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado likijengwa katikati ya Dar es Salaam, karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Tena siku ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi watu wakiwa katika shughuli zao, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo kwenyewe. Waliokufa walizidi 25, na wengine wengi walitolewa hai chini ya vifusi baada ya saa nyingi za taabu. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Baadhi yetu tulikuwa sokoni siku ile. Nadhani hatuna haja ya kukumbushwa vumbi lile.

Ghorofa nne, Bwana Mwenyekiti. Ndizo hizo hizo tunazotaka kujenga sisi.

Basi na tutazame sheria yasemaje. Hapa kwetu kibali cha ujenzi hakitolewi na mtu binafsi. Hutolewa na mamlaka ya mji, na kwa Kariakoo mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo yenye eneo lililokuwa la Manispaa ya Ilala. Mwombaji hupeleka hati ya kiwanja, michoro ya msanifu majengo, na michoro ya mhandisi inayoonyesha msingi, nguzo na mihimili. Wataalamu hao sharti wawe wamesajiliwa na bodi zao: wahandisi wana bodi yao, makandarasi wana yao, na wasanifu pamoja na wakadiriaji wana yao. Mtu binafsi anayo nafasi kubwa katika kazi hii, lakini ni nafasi ya kuchora, kusimamia na kushuhudia. Hawi badala ya Jiji.

Najua wako miongoni mwetu watakaosema, “Ikiwa Jiji limekwisha kupiga muhuri, ya nini kumlipa mtu mwingine?” Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Muhuri wa Jiji umepigwa juu ya karatasi. Karatasi yaweza kuonyesha nondo nene, na kazini ikafungwa nyembamba. Yaweza kutaka zege la kipimo fulani, na usiku likamwagwa lenye mchanga mwingi na saruji kidogo. Ofisa wa Jiji ana majengo mengi, na hawezi kulala katika kiwanja chetu. Na zege likisha kumwagwa, limefunika yote. Yatupasa kuwa na mtu wetu anayesimama pale kabla ya kumwagwa, ahesabu nondo, apime nafasi zake, achukue sehemu ya zege lile na kulijaza katika vibao vya kupimia, kisha ayapeleke mabonge yale maabara yakavunjwe, mengine baada ya siku 7 na mengine baada ya siku 28, ajue nguvu yake.

Wengine nao watasema, “Mkandarasi ametupa mtu huyo, tena bila malipo.” Hapa ndipo nataka tusimame kidogo.

Ninyi ni wakulima. Hakuna anayepaswa kuwafundisha habari za mizani. Wazee wetu walianzisha ushirika kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ya kubwa ni kwamba mnunuzi alikuja na mizani yake, akapima mwenyewe, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ambao vyama vyao viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, waliililia sana mizani hiyo. Hawakusema ya kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Walisema tu ya kwamba anayenunua asiwe ndiye anayepima. Kadhalika katika vyama vyetu vya leo, vitabu vya hesabu ninavyoviandika mimi havikaguliwi na rafiki yangu. Tangu mwaka 1982 liko shirika maalumu la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Mkaguzi ajapo mezani kwangu, sioni kuwa nimetukanwa. Nikimchagua mimi, nikamlipa mimi, na kesho nikamnyima kazi nisipopendezwa naye, ukaguzi huo utawafaa nini ninyi?

Sasa mkaguzi aletwaye na mkandarasi ni mizani ya mnunuzi.

Nanyi mna haki ya kuniuliza nimejifunza wapi neno hili. Nimejifunza katika kosa langu mwenyewe. Mwaka ule tulipojenga ghala letu la kwanza, mjenzi alikuja na mkaguzi wake. Alikuwa kijana mpole, mwenye maneno mazuri. Aliniletea cheti cha msingi, nikatia sahihi, malipo yakatoka. Akaniletea cheti cha kuta, nikatia sahihi. Sikuwahi kumwona akiwa ndani ya mtaro wa msingi hata siku moja; nilimwona ofisini tu. Masika ya kwanza yalipokuja, sakafu ilididimia upande mmoja na ukuta ukapasuka toka chini mpaka kwenye dirisha. Tulihamisha magunia usiku, mvua inanyesha, na tukashukuru kuwa hakuna aliyeumia. Siku ya mkutano nilieleza kwa maneno mengi, nikasoma vyeti vyote. Ndipo mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akasimama akaniuliza, “Mwanangu Katibu, huyo aliyepima, nani alimlipa?” Sikuwa na jibu. Mjenzi ndiye aliyemlipa. Swali hilo ndilo lililoniandikia hotuba hii.

Wala tusidhani kuwa ni taabu ya kwetu peke yetu. Nchi zenye fedha nyingi kuliko sisi zimepita njia hiyo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1984, iliruhusu wakaguzi binafsi wafanye kazi iliyokuwa ya halmashauri za miji. Huko Australia, jimbo la Victoria lilifanya hivyo katika miaka ya 1990, na New South Wales ikafuata mwaka 1998. Kazi ilikwenda upesi, na watu wakasifu. Lakini palizuka desturi: mjenzi ndiye aliyemtafuta mkaguzi, na mkaguzi mkali hakuitwa tena mara ya pili. Mwaka 2016 Victoria ilimkataza mjenzi kumteua mkaguzi kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkesha wa Krismasi mwaka 2018, wakazi wa jengo refu la Opal Tower mjini Sydney walitolewa nje kwa sababu ya nyufa, na jengo lilikuwa jipya kabisa.

Hata hivyo, sharti niseme kweli yote. Jengo la Grenfell mjini London, lililoungua tarehe 14 Juni 2017 likaua watu 72, ukaguzi wa matengenezo yake ulikuwa mikononi mwa halmashauri ya mji, si mtu binafsi. Basi kosa halimo katika neno “binafsi” wala dawa haimo katika neno “serikali”. Jambo la kuuliza ni hili: mkaguzi anaweza kusema “hapana” asipoteze chakula chake? Waingereza wenyewe, baada ya msiba ule, wameondoa hiari ya mjenzi kumchagua mkaguzi wa majengo marefu ya makazi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo matano.

Kwanza, tusichimbe hata jembe moja kabla kibali cha Jiji hakijawa mkononi, na idadi ya ghorofa isizidi ile iliyoandikwa humo, hata akija mtu na ushawishi gani.

Pili, tuajiri mhandisi wetu aliyesajiliwa, asiye na undugu wala ubia na mkandarasi, na jina lake tulithibitishe kwa bodi yake kabla ya kutia sahihi.

Tatu, alipwe kutoka fungu lake mwenyewe katika makisio ya Chama, si kwa mkono wa mkandarasi wala kwa mkono wa Katibu peke yake.

Nne, awe na amri ya kusimamisha kazi. Hakuna zege litakalomwagwa pasipo sahihi yake, na hakuna malipo yatakayotoka pasipo taarifa yake.

Tano, taarifa hizo zibandikwe katika mbao za matangazo za vyama vyote vya msingi, kila mwanachama azisome, na asiyejua kusoma asomewe.

Mtaniuliza gharama. Ndiyo, iko gharama, na huenda ikatupunguzia vyumba. Nami nasema, bora tulale wachache katika nyumba inayosimama. Jirani zetu pia wana haki juu yetu. Viwanja vya Kariakoo vimegusana, na msingi wetu ukichimbwa vibaya utamdhuru mtu ambaye hakuchangia hata senti moja wala hakuulizwa.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita mlikubali kuweka mazao yenu katika mizani moja kwa sababu mizani hiyo ilikuwa yenu. Jioni hii mtapiga kura juu ya nyumba ambamo watoto wenu watalala wakipeleka mizigo sokoni. Naomba mkaguzi wake naye awe wenu.