Siri ya Mteja na Mzigo wa Wakili

Mwenye shamba wa Chekalini akifariki bila kuacha wosia, faili ya mirathi yake huanzia kwa chifu. Chifu huandika barua ya kuwataja walioachwa: wajane, wana, mabinti walioolewa, na pengine mtoto wa nje ambaye jina lake linatajwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Barua hiyo ikishafika mezani kwa wakili, boma zima limepata pa kupeleka hasira zake.

Upande huu wa Lugari, kaunti ya Kakamega, ni nchi ya mahindi. Ulikuwa mashamba ya walowezi, na wakati wa Uhuru ukagawiwa wananchi katika skimu za makazi. Waliopewa viwanja enzi hizo wengi wamezeeka au wametangulia mbele ya haki, na sasa watoto na wajukuu wanagawana ekari ambazo haziongezeki. Kisheria, ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu wakapewa siku 30 za kuweka pingamizi. Cheti cha usimamizi kikitolewa, hupita kwa kawaida miezi 6 mingine kabla ya mahakama kukithibitisha ili shamba ligawanywe. Hayo ni pale ambapo ndugu wanaelewana. Wasipoelewana, kesi inakwenda miaka, na katika miaka yote hiyo simu ya wakili hailali. Mjane anapiga usiku akilia kwamba shemeji zake wameng'oa ua. Shemeji naye anapiga alfajiri kuuliza ni kwa nini wakili anamtetea mgeni.

Asubuhi hiyo hiyo wakili anatakiwa mahakamani kwa kesi ya unajisi, amhoji mtoto wa miaka tisa huku mama ya mtoto akimkazia macho. Adhuhuri anasoma ripoti ya upasuaji wa maiti. Jioni anatafuta kodi ya afisi, maana mteja aliahidi kulipa mahindi yakiuzwa, na mahindi bado yamo ghalani yakingoja bei. Juu ya yote hayo kuna tarehe. Rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30 tu. Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufaa hutakiwa kutoa ilani ndani ya siku 14. Siku hizo zikipita, mteja anaweza kupoteza shamba kwa kosa la mtu aliyemlipa amtetee. Wakili anayejali kazi yake hulala na tarehe hizo kichwani, na ndiyo sababu wengine hawalali kabisa.

Teknolojia imepunguza safari, jambo la kushukuriwa. Tangu 2020 kesi nyingi husikizwa kwa njia ya mtandao, na kufikia Machi 2024 mahakama za nchi nzima zilikuwa zimeingizwa katika mfumo wa kuwasilisha hati kielektroniki. Hata hivyo, sajili iliyokuwa ikifungwa jioni sasa inapokea hati usiku wa manane. Wakili aliye na kesi Kakamega na nyingine Eldoret saa tatu ileile anawekwa mbele ya skrini mbili, sikio moja huku, jingine kule.

Uchovu huu umepimwa. Mwaka 2016, uchunguzi uliohusisha takriban mawakili 12,800 wa Marekani ulikuta asilimia 28 wana dalili za sonona, na mmoja katika kila watano anakunywa pombe kwa kiwango cha kumdhuru. Mwaka 2021, Chama cha Kimataifa cha Mawakili kiliwauliza wanasheria zaidi ya 3,000 wa nchi mbalimbali kuhusu hali zao, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Wastani wao ulikuwa alama 51 kwa 100, wakati anayepata chini ya 52 hushauriwa afanyiwe uchunguzi zaidi. Wanne katika kila kumi walisema wanahofia kwamba wakimweleza mwajiri yanayowasibu, watajiharibia kazi.

Hapa Kenya kuna hofu nyingine juu ya hizo. Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka katika Mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake Josephat Mwenda, aliyekuwa amemlalamikia afisa wa polisi, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Miili yao iliopolewa mtoni Ol Donyo Sabuk siku chache baadaye. Hukumu ilisomwa Februari 2023: afisa Fredrick Leliman akapewa adhabu ya kifo na wenzake watatu vifungo. Juni 2024, hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini katika Mahakama ya Makadara, akafariki. Mjadala uliosikika zaidi ulikuwa wa walinzi na milango, nao ulihitajika. Lakini makarani na mawakili waliokuwapo siku ile walihitaji zaidi ya mlango wenye mlinzi, na ndivyo ilivyo pia kwa wakili wa kijijini anayetishiwa na jamaa za mshtakiwa sokoni.

Mbona basi hawasemi? Sehemu ya jibu imo katika sheria yenyewe. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kufichua aliyoambiwa na mteja, na katazo hilo linaendelea hata kazi ikiisha. Ni kinga njema, bila hiyo hakuna ambaye angemweleza wakili ukweli. Tatizo ni kwamba wengi wameipanua hadi ikawafunika wao wenyewe. Wakili hawezi kumwambia mkewe yaliyosemwa na mjane wa Chekalini. Anaweza kabisa kumwambia kwamba ana wiki mbili hajalala, kwamba mikono inamtetemeka kabla ya kuingia mahakamani, kwamba glasi moja ya jioni imekuwa chupa. Siri ya mteja haihusu moyo wa wakili.

Sehemu nyingine ni aibu, na aibu hii ilikuwa na mkono wa dola. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Mawakili ndio waliosimama kortini kueleza kwamba mgonjwa anastahili tiba, si pingu. Hoja hiyo inawafaa wao pia, wala haipaswi kuishia mlangoni mwa chumba cha mahakama.

Chama cha Mawakili, LSK, kinamtaka kila mwanachama apate alama 5 za mafunzo kila mwaka. Alama moja kati ya hizo itolewe kwa afya ya akili, kila mwaka, kwa lazima, sawa na inavyofundishwa maadili ya ada na akaunti za wateja. Mahakimu nao wanaweza kusaidia kwa kukubali kuahirisha kesi ya wakili anayeugua msongo jinsi wanavyoahirisha ya aliyevunjika mguu, bila kumhoji mbele ya ukumbi. Na kwa aliyefikishwa ukingoni usiku wa leo, awe wakili au mjane anayemngoja, Shirika la Msalaba Mwekundu linapokea simu bila malipo kupitia nambari 1199.