Ukuta wa Nyali na Ahadi za 2002

Serikali inapobadilika, watu hutaka kwanza kuwaona vigogo wa jana kizimbani. Muungano wa NARC uliingia madarakani nchini Kenya Desemba 2002 kwa ahadi hiyo, na mwaka uliofuata ukaunda tume ya kuchunguza kashfa ya Goldenberg pamoja na tume ya Paul Ndung'u kuhusu ardhi ya umma. Ndung'u alieleza jinsi viwanja vya shule, barabara na misitu vilivyogawiwa kama takrima ya kisiasa, akapendekeza hatimiliki hizo zifutwe. Ukweli ulipatikana, mtekelezaji akakosekana, kwani baadhi ya waliofaidi enzi ya KANU, chama kilichotangulia kutawala, walikuwa wamekwisha kujipanga na washindi. Ndiyo maana nadai kwamba haki ya mpito, ikitaka kuugusa ufisadi, iifuate mali kabla ya kumfuata mwizi. Mtu hubadilisha chama usiku mmoja, kiwanja hakihami.

Ushahidi wangu uko karibu, ng'ambo ya maji yanayopita mbele ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mwaka 1989 kiwanja cha ufuoni Nyali kiligawiwa Daniel arap Moi, naye akiwa rais. Kikauzwa, kikauzwa tena, hadi kikaifikia kampuni ya Dina Management. Septemba 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipeleka matingatinga, ikaangusha ukuta uliotazama bahari ili kufungua njia ya umma ya kwenda ufuoni. Kampuni ikashtaki, ikashindwa katika ngazi zote tatu. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu wa sheria, basi hati zote zilizozaliwa nao hazina kinga ya Kifungu cha 40 cha Katiba. Hakuna aliyefungwa. Hata hivyo umma ulipata kitu ambacho tume mbili hazikuupa.

Yupo atakayeuliza: mnunuzi aliyelipa pesa zake kwa nia njema ana kosa gani? Swali ni zito. Mahakama ilijibu kuwa kuitazama hati pekee hakutoshi. Mnunuzi achunguze ilivyopatikana. Mimi naongeza kwamba hasara yake aidai kwa aliyemuuzia, kwa kuwa wavuvi na watoto wanaozibiwa ufuo hawana wa kumdai. Mwingine atasema huko ni kulipiza kisasi. Kisasi huchagua watu, na hapo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano inatufunza: ripoti yake ya Mei 2013 ilitiwa doa na aya za sura ya ardhi zilizomhusu Jomo Kenyatta na ardhi za Pwani, ambazo makamishna watatu wa kigeni walipinga kubadilishwa kwake. Jina kubwa likaimeza hoja, na Bunge likaiweka ripoti kando.

Udhaifu wa njia ninayoitetea ni mwendo wake. Sheria ya 2012 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi miaka mitano tu kupitia hati zenye shaka, na muda huo ulikwisha 2017. Katika miaka iliyofuata mzigo uliangukia kaunti na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, zilizolazimika kwenda mahakamani kiwanja kwa kiwanja, huku wanyakuzi wakiwa na mawakili wa kulipwa na subira ya miaka.