Tuwabebe Wanaobeba
Hotuba fupi kwa kamati za miradi za sharika na wafadhili, Mwanza



Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaishi katika ukanda ambako saratani iitwayo Burkitt huwapata watoto zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa letu. Mara nyingi huanza na uvimbe wa taya au tumbo. Habari njema ni kwamba inatibika, hasa mtoto akiwahishwa na kumaliza mizunguko yote ya dawa.

Kwenye kumaliza ndiko kuna taabu. Uvimbe hunywea haraka baada ya dawa za mwanzo. Mzazi aliyechoka, nauli imekwisha, huona mtoto amepona, akaondoka. Kisha ugonjwa hurudi. Tusikimbilie kumwita mzembe.

Tulipowatembelea wazazi wanaouguza watoto Bugando, mama mmoja wa Ukerewe alituambia, "Mwanangu anapata nafuu, ila mimi ndiyo nakwisha." Wiki ya sita alikuwa hajalala kitandani. Shamba lake la mihogo halijapaliliwa, wanawe wengine wako kwa jirani, na kijijini wanasema amelaaniwa. Tulikuwa tumemletea sabuni na maombi. Yeye aliomba mtu wa kumshikia mtoto, aoge na kulala saa mbili tu.

Hapo tulijifunza kwamba kumtunza mzazi ni sehemu ya tiba ya mtoto.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Sharika za mjini zipange zamu za kuwapokezana wazazi wodini, kwa kibali cha wauguzi. Kamati za vijijini na visiwani zipalilie shamba, ziwaangalie watoto waliobaki, na kuyakanusha maneno ya laana. Nanyi wafadhili wetu, pamoja na dawa, kumbukeni nauli ya kila mzunguko na chakula cha mzazi. Bajeti zetu wenyewe zimekuwa zikivisahau vitu hivyo.

Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne. Wengi wa wazazi hawa wanabeba peke yao. Tuwapokee, tuwe wanne.